Fannie Lou Hamer: Mvuna Pamba Aliyedai Kura na Mkate



Katika vikundi vyetu vya parokia swali moja hurudi kwa maneno mbalimbali: mtu asiye na masomo marefu, asiye na fedha wala cheo, anaweza kufanya nini mbele ya uonevu uliokwisha kuota mizizi tangu enzi za babu zake? Wengine hujibu kwamba kazi hiyo ni ya wakubwa, nasi tusubiri. Wengine hukata tamaa na kunyamaza. Sisi tumeona ni heri kulijibu swali hilo kwa kusoma pamoja maisha ya mama mmoja wa Marekani, ambaye mpaka umri wa miaka 44 alikuwa mfanyakazi wa shamba la pamba, na ambaye miaka miwili tu baadaye alimtia wasiwasi rais wa nchi yake. Jina lake ni Fannie Lou Hamer.

Wengi wetu tunamfahamu Mchungaji Martin Luther King, na ni haki tumfahamu. Lakini mapambano ya usawa ya Wamarekani Weusi hayakubebwa na wahubiri na wanasheria wa mijini peke yao. Yalibebwa pia na wakulima, wapishi, wafua nguo na wanafunzi, watu ambao majina yao hayakuandikwa magazetini. Mama Hamer alitoka kati yao, na mpaka anafariki dunia hakuwahi kuhama kutoka kwao.

Utoto katika mashamba ya pamba

Alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1917 katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto 20. Wazazi wake, James Lee na Ella Townsend, walilima ardhi isiyo yao. Utumwa ulikuwa umefutwa tangu mwaka 1865, lakini watoto na wajukuu wa watumwa waliachwa bila ardhi, bila fedha na bila ulinzi wa sheria. Ndipo ulipokuja utaratibu wa kugawana mavuno: mwenye shamba hutoa ardhi, mbegu na kibanda cha kulala, mkulima hutoa nguvu zake na za watoto wake. Mwisho wa msimu pamba hugawanywa, lakini gharama ya mbegu, mbolea na chakula kilichokopwa dukani hukatwa katika fungu la mkulima. Hesabu huandikwa na mwenye shamba mwenyewe. Familia nyingi zilimaliza mwaka zikiwa na deni, na deni hilo liliwafunga kwenye shamba lile lile kwa mwaka mwingine.

Fannie Lou alianza kuvuna pamba akiwa na miaka sita. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba mwenye shamba alimkuta akicheza kando ya barabara, akamuuliza kama anaweza kuvuna, akamwahidi vitu vitamu vya dukani endapo atafikisha ratili 30 kwa juma, yaani kilo 13 hivi. Mtoto alifikisha, akapewa vitu vyake, na juma lililofuata akatakiwa avune mara mbili ya kiasi kile. Alipokua alitambua kwamba siku ile alikuwa ameingizwa mtegoni. Shuleni alikwenda miaka michache tu, tena miezi michache kila mwaka, wakati pamba haikuhitaji mikono. Hata hivyo alijua kusoma, na kitabu alichokisoma kuliko vyote kilikuwa Biblia.

Kuna tukio jingine la utoto wake linalopaswa kukumbukwa. Mwaka mmoja baba yake alifaulu kuweka akiba, akanunua nyumbu, jembe la kukokotwa na ng'ombe. Familia ilianza kuona mwanga. Ndipo mtu mmoja, aliyechukizwa na kuona Weusi wakiinuka, akatia sumu katika chakula cha wanyama wale. Wakafa wote, na familia ikarudi katika umaskini ambao haikutoka tena. Kutoka hapo tunaelewa kwa nini, miaka mingi baadaye, Mama Hamer hakukubali kuzungumzia haki ya kupiga kura bila kuzungumzia pia ardhi na chakula.

Mwaka 1944 aliolewa na Perry Hamer, mkulima kama yeye, wakaishi katika shamba moja karibu na mji mdogo wa Ruleville. Kwa kuwa alijua kusoma na kuandika, alipewa kazi ya kuandika saa za wafanyakazi na uzito wa pamba waliyovuna. Mizani ya shamba iliwapunja wavunaji. Yeye alibeba kwa siri jiwe lake la mizani, na kila bwana alipokuwa hayupo aliliweka hilo badala ya lile la udanganyifu, ili mvunaji apate haki yake. Alifanya hivyo kabla ya kujiunga na mapambano ya haki.

Mwaka 1961 aliingia hospitali kwa ajili ya kuondolewa uvimbe. Alipotoka, alikuwa ameondolewa kizazi chote bila kuulizwa wala kuambiwa. Jambo hilo lilitendwa kwa wanawake Weusi wengi maskini katika jimbo lile, na wao hawakuwa na mahali pa kushtaki. Yeye na mumewe waliwalea mabinti wawili waliowachukua kuwa watoto wao, Dorothy na Vergie.

Mkutano kanisani

Mwezi Agosti 1962 vijana wa Kamati ya Wanafunzi ya kuratibu mapambano yasiyo ya vurugu, pamoja na wenzao wa chama cha Mchungaji King, waliitisha mkutano katika kanisa dogo la Williams Chapel, Ruleville. Mhubiri alizungumzia kutambua ishara za nyakati. Kijana mwingine akaeleza kwamba katiba ya Marekani inampa kila raia haki ya kupiga kura. Mama Hamer alisema baadaye kwamba mpaka usiku ule hakuwahi kusikia kuwa mtu Mweusi anaweza kujiandikisha na kupiga kura. Walipouliza nani yuko tayari kwenda kujiandikisha, aliinua mkono wake.

Tarehe 31 Agosti watu 18 walipanda basi kwenda Indianola, makao ya wilaya, umbali wa kilomita 40 hivi. Huko afisa wa uandikishaji alimpa kila mmoja mtihani. Mama Hamer alitakiwa kunakili kifungu cha katiba ya jimbo kinachohusu aina fulani ya sheria, kisha aeleze maana yake kwa namna itakayomridhisha afisa. Wazungu wasiojua kusoma waliandikishwa bila taabu. Weusi waliojua kusoma walishindwa kwa sababu afisa ndiye aliyeamua jibu lipi ni sahihi. Wote walishindwa siku ile. Wakati wa kurudi polisi walilisimamisha basi, wakamtoza dereva faini kwa kosa la kwamba rangi ya basi lake ilikuwa ya njano kupita kiasi. Abiria waliogopa. Ndipo katika ukimya ule ikasikika sauti ya mwanamke mmoja akiimba nyimbo za kanisani, na wengine wakaitikia. Ndivyo wenzake walivyotambua kwa mara ya kwanza kipaji chake.

Jioni ile ile mwenye shamba alimjia. Alimtaka aliondoe jina lake katika maombi ya kujiandikisha, la sivyo aondoke. Alikuwa amefanya kazi hapo miaka 18. Alijibu kwamba hakwenda kujiandikisha kwa ajili ya bwana huyo, bali kwa ajili ya nafsi yake mwenyewe. Alifukuzwa usiku huo huo. Siku kumi baadaye, tarehe 10 Septemba, risasi 16 zilipigwa katika nyumba ya marafiki waliokuwa wamempokea. Kwa bahati njema hakuwemo. Mwezi Desemba alirudi Indianola, akamwambia afisa kwamba atamwona kila baada ya siku 30 mpaka afaulu. Januari 1963 alipata habari kwamba amefaulu. Hata hivyo alipotaka kupiga kura aliambiwa hana stakabadhi za kodi ya wapiga kura. Kila mlango uliofunguliwa ulikuwa na mlango mwingine nyuma yake.

Gereza la Winona

Tarehe 9 Juni 1963 alikuwa akirudi na wenzake kutoka mafunzo ya uraia katika jimbo la South Carolina. Basi liliposimama katika mji wa Winona, baadhi yao waliingia katika mkahawa wa kituo ambao sheria ya taifa ilikuwa imekwisha kuufungua kwa watu wote. Polisi waliwakamata. Katika gereza la wilaya walipigwa mmoja baada ya mwingine. Annell Ponder, mwalimu wa mafunzo hayo, alipigwa kwa sababu alikataa kuwaita walinzi wake kwa jina la heshima. June Johnson, msichana wa miaka 15, alipigwa mpaka damu ikamtoka. Mama Hamer alilazwa kifudifudi, na wafungwa wawili Weusi waliamriwa wampige kwa kirungu kizito, mmoja mpaka achoke, kisha mwingine. Figo zake ziliumia, jicho lake moja likaharibika, na hakupona kabisa maishani mwake.

Tunaomba mzingatie yaliyotokea baada ya hapo. Mke wa mlinzi wa gereza aliwaletea wafungwa maji, akasema kwamba anajitahidi kuishi kama Mkristo. Mama Hamer, akiwa hawezi kukaa wala kulala kwa maumivu, alimwambia akasome Biblia, hasa Matendo ya Mitume sura ya 17, aya ya 26, panapofundishwa kwamba mataifa yote yametokana na chanzo kimoja. Hakumtukana, wala hakumwacha aendelee kujidanganya. Alimpa Neno ambalo mwanamke yule alidai kuliamini, akamwachia alipime.

Walipofunguliwa tarehe 12 Juni walisikia kwamba Medgar Evers, kiongozi mkubwa wa haki katika Mississippi, alikuwa ameuawa usiku huo mbele ya nyumba yake mjini Jackson. Askari waliohusika na kipigo cha Winona walishtakiwa mwishoni mwa mwaka. Baraza la wazee wa mahakama, lote Wazungu, liliwaachilia huru.

Ushuhuda wa Atlantic City

Katika Mississippi ya wakati ule Chama cha Kidemokrasia ndicho kilichotawala kila kitu, nacho kiliwafungia Weusi nje ya mikutano yake. Kwa hiyo mwezi Aprili 1964 wananchi waliunda chama chao, Chama cha Kidemokrasia cha Uhuru cha Mississippi, kilichokuwa wazi kwa watu wa rangi zote. Majira ya joto ya mwaka huo mamia ya wanafunzi walikuja kutoka sehemu nyingine za nchi kusaidia uandikishaji na kufundisha. Mwezi Juni watatu kati ya watetezi hao waliuawa kwa njama iliyomhusisha afisa wa polisi: James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner. Makanisa mengi ya Weusi yalichomwa moto.

Mwezi Agosti wajumbe 68 wa chama kipya walisafiri hadi Atlantic City, ulipofanyika mkutano mkuu wa taifa wa Wademokrasia. Walidai wao ndio wajumbe halali wa Mississippi, kwa kuwa wale wengine walichaguliwa kwa kuwatenga raia wenzao. Tarehe 22 Agosti Mama Hamer aliketi mbele ya kamati na mbele ya kamera za televisheni. Alianza kwa kutaja jina lake, barabara na namba ya nyumba yake, na wilaya yake, ambayo ilikuwa pia nyumbani kwa seneta James Eastland, tajiri wa mashamba na adui mkubwa wa haki za Weusi. Fikirini maana ya kutaja anwani yako mbele ya taifa zima wakati kuna watu wamekwisha kukufyatulia risasi. Halafu alisimulia kwa utaratibu, tarehe kwa tarehe: basi la Indianola, kufukuzwa shambani, risasi 16, gereza la Winona. Hakusoma karatasi. Alimaliza kwa kuuliza kama hiyo kweli ndiyo Marekani, nchi inayojiita ya watu huru, ilhali wao walitishiwa kuuawa kwa sababu tu walitaka kuishi kama wanadamu.

Rais Lyndon Johnson aliogopa kuzipoteza kura za Wazungu wa kusini katika uchaguzi wa Novemba. Mama Hamer alipokuwa akisema, rais aliitisha ghafula mkutano na waandishi wa habari ili kamera zimgeukie yeye. Hila hiyo haikufaulu: jioni vituo vya televisheni vilirusha ushuhuda ule, na mamilioni ya watu waliusikia nyumbani mwao. Simu na telegramu za kuwaunga mkono zikaanza kumiminika.

Viti viwili

Sasa tunafika kwenye jaribu kubwa kuliko kipigo. Wakubwa wa chama walitoa pendekezo: wajumbe wa Mississippi wapewe viti viwili, tena watu wa kuvikalia wachaguliwe na wakubwa hao. Mama Hamer hakuwa kati ya hao wawili. Seneta Hubert Humphrey, ambaye kwa miaka mingi alikuwa ametetea haki za Weusi, alitumwa kuwashawishi wakubali, na ilijulikana kwamba nafasi yake ya kuwa makamu wa rais ilitegemea kufaulu kwake. Mama Hamer alimuuliza kama cheo chake kina thamani kuliko maisha ya Weusi laki nne wa Mississippi, akamwambia kwamba atamwombea. Baada ya hapo hakuitwa tena kwenye mazungumzo.

Baadhi ya viongozi mashuhuri Weusi nao waliwasihi wakubali: siasa ni subira, walisema, na viti viwili ni mwanzo. Tusiwahukumu haraka, maana hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Yako mapatano mema ambayo hufungua njia. Lakini Mama Hamer na wenzake walijiuliza maswali mawili. Je, mapatano haya yanamwondoa aliyetuonea mahali alipo? Hapana, wajumbe wa utengano wangebaki. Je, tunajichagulia wenyewe watakaotusemea? Hapana. Walipiga kura, wakakataa. Alisema hawakusafiri njia yote ile kwa ajili ya viti viwili. Walirudi nyumbani mikono mitupu, na wengi walisema wameshindwa. Hata hivyo chama kiliahidi kwamba katika mikutano yake ijayo hakitapokea tena wajumbe waliochaguliwa kwa ubaguzi. Mwaka 1968, mjini Chicago, Mama Hamer aliingia ukumbini akiwa mjumbe halali wa Mississippi, na watu waliinuka kumshangilia.

Guinea na Kongo

Mwezi Septemba 1964, baada ya Atlantic City, ujumbe wa watetezi hao ulialikwa Guinea, nchi iliyokuwa huru tangu mwaka 1958. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Mama Hamer kukanyaga Afrika. Aliona Weusi wakiongoza ndege, wakisimamia benki, wakiendesha wizara. Rais Sékou Touré mwenyewe alikuja kuwaona walipofikia. Mama Hamer hakusahau kwamba rais wa nchi ya kigeni alimjia, ilhali rais wa nchi yake mwenyewe alijaribu kumnyamazisha. Alirudi akiwa amefutiwa aibu aliyofundishwa tangu utoto, kwamba Afrika ni mahali pa kuonea haya.

Tarehe 20 Desemba mwaka huo alizungumza katika mkutano mmoja na Malcolm X huko Harlem, mjini New York. Siku zile nchi yetu ilikuwa ikimwaga damu, majuma machache tu baada ya askari wa miavuli kushuka Stanleyville, Kisangani ya leo. Malcolm X alikuwa akiwaeleza wasikilizaji wake kwamba hawawezi kuelewa mambo ya Mississippi wasipoelewa mambo ya Kongo. Basi msidhani kwamba historia hii ni ya wageni. Wakati babu na bibi zetu walipokuwa wakikimbilia misituni, kulikuwa na watu ng'ambo ya bahari walioona kwamba thamani ya uhai wa Mkongo na thamani ya uhai wa mvuna pamba vinapimwa kwa mizani ile ile ya udanganyifu.

Kura bila mkate

Tarehe 6 Agosti 1965 sheria ya haki ya kupiga kura ilitiwa sahihi. Mitihani ya hila ilipigwa marufuku, na serikali ya taifa ikapewa uwezo wa kutuma maafisa wake. Katika Mississippi, Weusi waliojiandikisha walikuwa chini ya asilimia 7 mwaka 1964. Mwaka 1967 walifikia karibu asilimia 60. Wengi wangesema kazi imekwisha.

Mama Hamer aliona vingine. Wenye mashamba walikuwa wakileta mashine za kuvuna pamba na dawa za kuua magugu, na familia zilizojiandikisha ndizo zilizofukuzwa kwanza. Njaa ikawa silaha mpya. Mwaka 1967 binti yake Dorothy, aliyekuwa amedhoofika kwa lishe duni baada ya kujifungua, alifariki dunia wakati wazazi wakihangaika kumtafutia hospitali ya kumpokea. Waliwalea wajukuu wawili aliowaacha.

Mwaka 1969 alianzisha Shamba la Uhuru, ushirika wa wakulima wa wilaya yake, Weusi na pia Wazungu maskini. Walianza na ekari 40, hektari 16 hivi, na baadaye wakafikia karibu ekari 680. Walilima maharage, mahindi, bamia na mboga za majani kwa ajili ya kula, na pamba na soya kwa ajili ya kulipia ardhi. Kulikuwa pia na benki ya nguruwe: familia ilipewa jike, ikarudisha watoto wawili ili familia nyingine nazo zipate, na watoto waliosalia wakawa mali yake. Mama Hamer alieleza kwamba mtu mwenye chakula cha kutosha ghalani hawezi kuambiwa na mtu yeyote aseme nini wala afanye nini.

Hatutaficha kwamba shamba hilo halikudumu. Mafuriko na ukame viliharibu mazao, misaada ilipungua, madeni yakazidi, na mwanzilishi alikuwa mgonjwa. Katikati ya miaka ya 1970 ardhi karibu yote ilipotea. Yeye mwenyewe aliugua saratani ya matiti na shinikizo la damu, akafariki tarehe 14 Machi 1977 katika hospitali ya Mound Bayou, akiwa na miaka 59. Alikufa maskini. Alizikwa Ruleville, katika kipande cha ardhi kilichotokana na ushirika wake.

Urithi aliotuachia

Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilimtunuku, baada ya miaka karibu 48 kaburini, nishani ya uhuru ambayo ni ya juu kabisa kwa raia. Nishani ni jambo jema, lakini urithi wake hasa sisi tunauona katika mambo matatu.

La kwanza ni ukweli wenye tarehe. Mbele ya kamati hakusema kwamba Weusi wanateswa sana. Alisema siku gani, mji gani, nani alitoa amri, na alipigwa kwa kitu gani. Malalamiko ya jumla hupeperushwa na upepo. Ushuhuda ulio sahihi hauwezi kukanushwa kwa urahisi. Kijana anayeona uonevu kijijini au mtaani kwake, na aandike: tarehe, mahali, mashahidi. Asiongeze chumvi, maana neno moja la uongo huharibu mia za kweli.

La pili ni kukataa chuki bila kukataa vita vya haki. Alisema kwamba hawezi kumchukia mtu na bado akatumaini kuuona uso wa Mungu. Lakini hakugeuza jambo hilo kuwa kisingizio cha kunyamaza. Aliwakemea wazi wachungaji waliofundisha subira kwa wanyonge huku wakila na wakubwa. Upendo wake kwa adui ulikuwa na sauti kubwa.

La tatu ni kutotenganisha heshima ya mtu na chakula chake. Kura inanunuliwa kwa kilo moja ya chumvi pale ambapo nyumba haina chumvi. Anayetaka watu wawe huru siku ya uchaguzi ni lazima aanze kazi mapema, shambani, katika ushirika, katika kikundi cha akiba, katika kisomo cha watu wazima. Ushirika wake ulikufa, lakini wazo lake halikuwa kosa. Lilikosa miaka, fedha na mikono mingine ya kulibeba wakati mikono yake ilipochoka. Hilo linatuhusu: kazi njema inayotegemea mtu mmoja huzikwa pamoja naye.

Mama huyu alipoinua mkono wake katika kanisa la Williams Chapel hakujua atapoteza kazi, nyumba na afya. Alijua tu kwamba ameulizwa swali la haki na kwamba jibu lake ni ndiyo. Hakusubiri kwanza awe msomi, wala awe salama. Watu 18 walipanda basi lile. Hakuna aliyefaulu siku hiyo, na bado safari ile ilikuwa na maana.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Mama Hamer aliweka jiwe la haki katika mizani ya shamba kabla hajajulikana na mtu. Katika kazi au masomo yetu ya kila siku, mizani yetu ni ipi, na nani anapunjwa?

2. Kama tungekuwa Atlantic City, tungekubali viti viwili au tungekataa? Kila upande utoe hoja zake kwa heshima.

3. Ni nini kinachowafanya watu wa mtaa wetu wauze kura zao, na kikundi chetu kinaweza kuanza kazi gani ndogo mwaka huu ili sababu hiyo ipungue?

4. Kazi gani njema katika parokia yetu inategemea mtu mmoja tu? Tutaisaidiaje ili idumu atakapochoka?